Serkali ndogo ao serkali ya mbali? Mabishano juu ya mamlaka ya Kinshasa, yakitazamwa toka Beni na Butembo

Serkali kuu inapaswa kufanya kazi gani, na kazi gani iwaachie majimbo, miji, masultani na wakaaji wenyewe? Ulizo hilo linabishaniwa Marekani, Ulaya na Nairobi. Linabishaniwa pia Beni na Butembo: kwenye duane ya Kasindi, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwenye maegesho ya pikipiki, na zaidi kila mara kijiji kinaposhambuliwa usiku. Wengine wanasema serkali imezidi: bariere, karatasi, taksi juu ya taksi. Wengine wanasema serkali haiko. Mara nyingi ni mtu mmoja ndiye anasema yote mawili siku moja, na yote mawili ni kweli.

Makala hii inaeleza wazo la kupunguza mamlaka ya serkali kuu, linatoka wapi, sheria za Kongo zinasema nini, na maisha ya Grand Nord yanafundisha nini juu yake.

WAZO LENYEWE

Katika siasa za Marekani na Ulaya kuna watu wanaoitwa walibertari. Jina lao linatokana na neno uhuru. Msingi wa mafundisho yao ni huu: kila mtu ni mwenye nafsi yake, kazi yake na mali yake. Hakuna anayeweza kumlazimisha, hata serkali, isipokuwa kumzuia asiumize wengine. Kwao kodi ni mali ya mtu inayochukuliwa kwa nguvu. Kwa hiyo iwe kidogo, na sababu yake iwe wazi.

Mwaka 1944 Friedrich Hayek, mwanauchumi mzaliwa wa Austria, alitoa kitabu chake The Road to Serfdom. Alionya kwamba serkali inayojipa kazi ya kupanga uchumi wote huishia kuwapangia watu maisha yao yote. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Nozick, katika Anarchy, State, and Utopia, alisema serkali ya haki ina kazi chache tu: kulinda watu na wizi na mapigo, kuhakikisha mapatano yanaheshimiwa, na kuamua kesi. Serkali ya namna hiyo wataalamu wanaifananisha na sentineli wa usiku. Analinda mlango, asubuhi anawaachia wenye nyumba shughuli zao.

Marekani, wazo hilo lilipata chama chake mwaka 1971. Wafuasi wake hupenda kutaja badiliko la kumi la katiba ya nchi yao, lililopitishwa 1791: mamlaka ambayo katiba haikuipa serkali ya shirikisho, inabaki kwa majimbo ao kwa watu.

Hapa kuna jambo la kutenganisha. Federalisme na ulibertari si kitu kimoja. Federalisme inagawa mamlaka: kiasi Kinshasa, kiasi jimboni. Ulibertari unapunguza mamlaka kila ngazi. Mtu anaweza kutoa taksi Kinshasa na kuileta Goma ao Beni, na mfanyabiashara akaendelea kulipa vilevile, ao hata zaidi. Mabishano mengi ya Kongo yanachanganya hayo mawili.

KONGO: MARA MAJIMBO, MARA KINSHASA

Kongo ilianza kubishana juu ya jambo hili kabla hata ya uhuru. Wakati wa 1960 chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kilisimamia federalisme. MNC ya Patrice Lumumba ilitaka nchi yenye serkali kuu yenye nguvu. CONAKAT ya Moïse Tshombe ilikwenda mbali zaidi: tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Katanga ilitangaza kujitenga. Kasai ya Kusini ikafuata mwezi wa nane. Toka hapo, kila neno «federalisme» linapotamkwa, kuna wanaosikia «kupasua nchi». Leo wanasema balkanizasioni.

Uhuru ulikuta majimbo 6. Kwa sheria ya 1962 yakaanza kugawanywa mpaka yakafika 21, na Kivu ya Kaskazini ilikuwa moja yao. Katiba ya Luluabourg, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 1964, iliyapa majimbo mamlaka makubwa. Haikudumu. Mobutu alichukua nchi tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965. Mwaka uliofuata alishusha majimbo mpaka 12, kisha 8 pamoja na mji wa Kinshasa. Katiba ya 1967 ikarudisha kila kitu mikononi mwa serkali kuu. Kivu ya Kaskazini ilirudi kuwa jimbo mwaka 1988 tu, Kivu ilipogawanywa sehemu tatu.

Kipindi hicho serkali kuu ilijipa pia mali. Sheria ya Bakajika ya 1966 iliweka ardhi mikononi mwa taifa. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ikathibitisha kwamba udongo ni mali ya serkali peke yake. Raia anapata ruhusa ya kuutumia tu. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja zairianisasioni: maduka, mashamba na viwanda vya wageni vikapewa Wazairwa, wengi wao watu wa karibu na utawala, na biashara nyingi zikaanguka. Walibertari wakitafuta mfano wa serkali iliyozidi mipaka, Zaire inawatosha.

KATIBA YA 2006: KWENYE KARATASI, KINSHASA TAYARI INA MIPAKA

Katiba iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006 haitumii neno federalisme. Lakini inagawa kazi. Kifungu cha 202 kinaiachia serkali kuu mambo kama jeshi, mambo ya nje, uraia, pesa ya nchi na duane. Kifungu cha 203 kinataja yanayofanywa pamoja. Kifungu cha 204 kinayapa majimbo yao peke yao: kati yao ni kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya mapato ya kupangisha, na kodi ya magari.

Chini ya jimbo, kifungu cha 3 kinatambua ngazi zenye uhuru wa kujiendesha: mji, komini, sekta na sheferi, yaani usultani. Teritwari haimo, ni ofisi ya serkali tu. Kwa hiyo mji wa Beni na komini zake nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Rwenzori, kisheria zina uhuru ambao teritwari ya Beni haina.

Pesa nayo imegawanywa. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale inapokusanywa, kabla ya kwenda Kinshasa. Kifungu cha 181 kinaweka asilimia 10 kwa mfuko wa kusaidia majimbo yaliyobaki nyuma. Nayo sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 inazipa miji, komini, sekta na sheferi asilimia 40 ya fungu la jimbo.

Hesabu ni nyepesi. Kwenye franka 100 za kitaifa, 50 zinabaki kwa serkali kuu, 10 zinaenda kwenye mfuko, na 40 ni za jimbo. Kwenye hizo 40, jimbo linabaki na 24, na 16 zinashuka mpaka kwa miji, komini, sekta na sheferi. Zinagawanywa kwa kutazama uwezo wa kuzalisha, ukubwa wa eneo na hesabu ya watu.

Katika maisha, hesabu inakwenda kinyume. Hela zinapanda zote Kinshasa, kisha Kinshasa inarudisha kiasi inachoona, wakati inaoona. Kurudisha huko kunaitwa retrosesioni. Jina lenyewe linaonyesha kosa: katiba haikusema kurudisha, ilisema kukata kabla hazijaondoka. Magavana wa majimbo mbalimbali wamelalamika juu ya jambo hilo toka 2007, na wengi wao walijibu kwa kuanzisha taksi mpya za jimbo. Mwaka 2018 serkali ilitoa sheria, ordonnance-loi nambari 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa tatu, inayoorodhesha kodi na taksi ambazo jimbo na ngazi za chini zinaweza kudai.

Mamlaka ya siasa nayo yalirudi nyuma. Badiliko la katiba la mwezi wa kwanza 2011 lilimpa Rais wa Jamhuri uwezo wa kumwondoa gavana na kuvunja Bunge la jimbo wakati wa mzozo mkubwa. Badiliko hilohilo liliondoa muda uliowekwa wa kugawa nchi katika majimbo mapya. Mgawanyo ulifanyika 2015, nchi ikawa na majimbo 26. Kivu ya Kaskazini ilibaki vile ilivyokuwa: teritwari sita na miji mitatu, Goma, Butembo na Beni. Wazo la kufanya Grand Nord jimbo la pekee linarudi mara kwa mara, lakini halijawa sheria.

BUTEMBO: MJI ULIOZOEA KUJITEGEMEA

Wakati Zaire ilipoanguka polepole, Butembo ilipanuka. Wafanyabiashara Wanande walianza na mboga za milima ya Lubero, kahawa na dhahabu. Baadaye wakafika Dubai na China, wakileta bidhaa kupitia Mombasa, Uganda na Kasindi. Mtafiti Timothy Raeymaekers aliandika kitabu kizima juu ya mji huo, kilichotoka 2014. Wengine wanapouliza watu wanaishi namna gani bila serkali, Butembo ni jina linalotajwa.

Mifano iko mingi. Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa 1989, wakati wa Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni toka 1966 mpaka 1997. Umeme ulichelewa sana kufika kwa mikono ya serkali. Kwa miaka mingi mji uliishi na sauti ya jenereta. Wafanyabiashara walianzisha kampuni yao, SENOKI, kisha makampuni mengine ya binafsi yakaingia. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 ikaja kukubali kilichokuwa kimeanza tayari: iliondoa amri ya SNEL kuwa peke yake kwenye umeme. Mwaka uliofuata sheria nyingine ikaondoa vilevile upekee wa SONAS kwenye asiransi.

Shule ndizo mfano mkubwa zaidi. Toka mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokauka, wazazi ndio walilipa. Karibu miaka thelathini elimu ya Kongo ilisimama juu ya mifuko ya wazazi na juu ya makanisa, yaliyokuwa na mapatano na serkali toka 1977.

Watetezi wa serkali ndogo wanasoma historia hiyo hivi: watu wakiachwa, wanajipanga. Kila mkaaji anajua ile «Article 15» ya mzaha, inayosema jitafutie mwenyewe. Butembo ni mji ulioichukua kwa uzito na ukafaulu.

Lakini kuna kurasa nyingine za historia hiyohiyo. Kwanza, wasio na hela walibaki nje. Mzazi aliyekosa ada alimwona mtoto anafukuzwa. Ndiyo sababu elimu ya msingi ya bure, iliyoandikwa kwenye kifungu cha 43 cha katiba na kuanza mwezi wa tisa 2019, ilijaza madarasa hata kabla walimu wote hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara. Pili, wafanyabiashara hawakuishi bila utawala. Wakati wa vita, eneo lilipokuwa chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, wakubwa wa biashara walilipa duane mbele ya wakati, na kwa kubadilishana wakapewa bei ya chini. Huo haukuwa uhuru wa soko kwa kila mtu. Ulikuwa mapatano kati ya wenye bunduki na wenye kontena, na muuzaji mdogo wa soko hakuketi kwenye meza hiyo.

Tatu, kuna mambo ambayo mji mmoja hauwezi kuyamaliza peke yake. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ilipiga zaidi ya watu 3 400, na ikaua karibu 2 300. Ugonjwa haukuuliza mpaka wa komini. Watu wengi hawakuamini timu za matibabu, na vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa pili 2019. Serkali ambayo watu hawakuiona miaka mingi, kisha inafika ghafla na magari mengi na pesa nyingi, ilipata shida kusikilizwa.

BENI: SENTINELI ANAYEDAI MSHAHARA

Beni inaleta ulizo gumu zaidi. Walibertari wanabishana karibu juu ya kila kazi ya serkali: shule, hospitali, barabara, umeme. Wengi wao wanakubaliana juu ya moja tu: kulinda maisha ya watu. Ndiyo kazi ya mwisho inayobaki hata ukiondoa nyingine zote.

Na ndiyo kazi iliyokosekana Beni. Toka mwezi wa kumi 2014, mauaji yanayohesabiwa juu ya ADF yamemaliza familia mjini Beni, kwenye teritwari ya Beni, kisha Ituri na mpaka Lubero. Yalitokea mahali penye kambi za FARDC na askari wa MONUSCO. Toka tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021 jeshi la Uganda limeingia nalo, katika operesheni iliyoitwa Shujaa.

Wakati huohuo, serkali inayodai haikukosekana. Pale Kasindi, decree ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 inaruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani: duane, OCC, DGM na huduma ya afya. Kila mpita mpaka anajua kwamba meza zinazodai kitu ni zaidi ya nne. Mbele kuna péage, kuna huduma za jimbo, kuna za komini. Mchukuzi wa kakao ao wa ndizi anakutana na serkali mara nyingi mchana. Usiku anapoitafuta, haioni.

Kwa maneno mengine, mkaaji wa Beni haishi chini ya serkali kubwa, wala chini ya serkali ndogo. Serkali yake imegeuzwa juu chini: sentineli anakuja kila asubuhi kuchukua mshahara, na usiku haonekani mlangoni.

Pengo la usalama halibaki wazi. Wanajaza vikundi vya kujilinda, Mai-Mai, wazalendo. Wengine waliingia kutetea kijiji chao kwa moyo. Lakini maeneo mengi ya jimbo yameonyesha kinachofuata: kikundi kinahitaji kula, kinaweka bariere, kinauza jetoni. Mkulima asiye na jetoni ya mwezi haendi shambani. Kodi ikapunguzwa upande wa Kinshasa, ikazaliwa upande wa msitu, bila sheria wala mahali pa kulalamikia.

UTAWALA WA KIJESHI

Jibu la Kinshasa lilikuwa kuongeza mamlaka ya serkali kuu. Etat de siège ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Gavana wa kiraia akaondoka, akaja jenerali. Bunge la jimbo likasimamishwa. Maofisa wa polisi wakawekwa kuongoza miji na komini. Raia wakapelekwa mbele ya tribinali za kijeshi kwa makosa ya jinai.

Katiba, kwenye kifungu cha 144, iliweka siku 30, zinazoweza kuongezwa kwa siku 15 kila mara kwa ruhusa ya Bunge. Kipimo cha muda mfupi kikawa utawala wa miaka, siku kumi na tano juu ya kumi na tano. Watetezi wake wanasema vita haiendeshwi na madiwani. Wapinzani wanasema uhuru uliondolewa kwanza, usalama ukaahidiwa baadaye, na mauaji yaliendelea. Hayek aliandika juu ya nchi nyingine na wakati mwingine, lakini onyo la kwamba mamlaka ya dharura hayapendi kurudi nyumbani lingeeleweka vizuri kule Mulekera.

Toka mwanzo wa 2025, baada ya Goma kuchukuliwa na M23, uongozi wa jimbo ulihamia Beni. Gavana yuko karibu kuliko wakati wowote. Lakini anawekwa na Kinshasa, na kwa Kinshasa ndiko anatoa hesabu.

KUPIGA KURA: MPAKA ULIOSAHAULIWA

Kupunguza mamlaka ya serkali kuu kunataka mtu wa kuyapokea chini, na mtu huyo awe amechaguliwa. Hapo ndipo Beni na Butembo zilipopungukiwa zaidi.

Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura na wengine. Sababu zilizotajwa ni Ebola na usalama. Zaidi ya wachaguzi milioni moja walingoja mpaka mwezi wa tatu 2019, na Rais alikwisha kuapishwa tarehe 24 mwezi wa kwanza. Tarehe 30, siku ya uchaguzi nchini, wakaaji wa Beni walipanga foleni wenyewe, wakanawa mikono juu ya Ebola, wakapiga kura yao ya mfano. Haikuhesabiwa Kinshasa. Lakini ilionyesha kwamba watu hao hawakuwa wanakimbia serkali. Walikuwa wanadai sehemu yao ndani yake.

Uchaguzi wa madiwani wa komini ulioandikwa kwenye sheria ulifanyika kwa mara ya kwanza mwezi wa kumi na mbili 2023, kwenye miji mikuu ya majimbo peke yake. Butembo na Beni hazikuwamo. Kwa hiyo mkuu wa Beu, wa Bungulu, wa Kimemi ao wa Bulengera hajawahi kuwekwa na kura ya wakaaji wake kwa njia ya madiwani. Anayemweka yuko juu, na macho yake yanatazama juu.

JIRANI WALIFANYA NINI

Kenya ilianza uhuru wake 1963 na katiba ya majimbo, ikaivunja mwaka uliofuata. Baada ya damu ya 2007 na 2008 ilirudi kwenye ulizo hilo. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, na toka 2013 kila moja ina gavana na bunge lake vilivyochaguliwa. Inalinda pia kwamba zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Asilimia hiyo ni ndogo kuliko 40 ya Kongo. Tofauti ni kwamba magavana wanapocheleweshewa hela, wana Seneti na mahakama za kuwasikiliza, na wachaguzi wa kuwahesabia. Kenya haikumaliza wizi. Wakaaji wenyewe husema wizi nao ulishuka mpaka kaunti. Lakini mwizi wa karibu anaonekana na anaweza kuondolewa kwa kura.

Uganda ilipita njia nyingine. Mwaka 2005 iliondoa kodi ya kichwa iliyokusanywa na wilaya. Wananchi walifurahi. Wilaya, zikiwa zimepoteza mapato yao, zikategemea zaidi hela za Kampala. Kodi ilipungua, na mamlaka ya katikati yakaongezeka. Fundisho hilo ni la kukumbuka: kupunguza taksi na kupunguza nguvu ya serkali kuu si njia moja kila mara.

WANAOBISHANA WANASEMA NINI

Wanaotaka Kinshasa ipunguzwe wanasema: nchi ni kubwa mno kuongozwa toka mji ulio mbali hivi, hela zikibaki karibu, barabara ya Butembo–Beni haingojei saini ya waziri, na watu waliojenga chuo na umeme wao wanaweza pia kusimamia hesabu yao.

Wanaopinga wanasema: majimbo hayalingani, na Kivu yenye duane itaishi vizuri wakati Kwango inalala njaa, viongozi wa jimbo wanaweza kuwa wakali kuliko wa Kinshasa kwa wasio wa kabila lao, na wakati wa vita, kulegeza kamba ya katikati ni kuwapa adui nafasi.

Hoja zote mbili zina uzito. Lakini zote mbili zinadhani kwamba leo kuna serkali kuu inayofanya kazi yake, na kinachobishaniwa ni kiasi tu. Grand Nord inaonyesha kwamba kabla ya kiasi kuna utaratibu: kwanza ulinzi na haki, kisha kodi, kwanza kura, kisha amri. Serkali iliyopunguzwa na sheria inajua mipaka yake na inaulizwa. Serkali iliyo mbali haina mpaka wala muulizaji, na nafasi inayoacha haibaki tupu.

MKAAJI ANA NINI MKONONI

Kubadilisha katiba si kazi ya siku moja. Lakini mipaka kadhaa ya serkali imekwisha kuandikwa, na kila mtu anaweza kuitaja.

Kifungu cha 174: hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Anayedai hela anaweza kuulizwa ni sheria gani, ya tarehe gani, na karatasi ya malipo iko wapi.

Kifungu cha 34 na cha 35: mali ya mtu ni takatifu, na serkali inahakikisha haki ya kufanya biashara yako.

Kifungu cha 27: kila Mkongomani, peke yake ao na wengine, anaweza kuandikia mamlaka ombi, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Chama cha wachuuzi, kamati ya wazazi ao shirika la raia la kartie linaweza kuuliza kwa maandishi: fungu letu la asilimia 40 la mwaka jana lilifika? Kiasi gani? Lilifanya nini?

Ombi la namna hiyo linaweza kukosa jibu. Lakini likiwa na tarehe, saini na muhuri wa kupokelewa, tayari ni alama ya mpaka: linaonyesha nani aliuliza, lini, na nani alinyamaza.